Za mbele zimekufa, za nyuma zimepona: kisa cha kichwa kimoja na pasi moja

Jumatatu moja ya mwezi wa nne, masika yakiwa yamechanganya, aliingia saluni kwangu Tabata mwalimu wa sekondari wa miaka 29, kitenge kimefungwa kichwani mpaka kwenye nyusi. Nyuma yake alikuwepo mama yake na mwavuli unaochuruzika maji. Nikamwamkia mama, akaitika marahaba huku macho yake yako kwa binti. Sendofu ilikuwa imepita Jumamosi. Harusi ilikuwa Jumamosi inayofuata.

"Dada, nimeosha jana. Za mbele hazijarudi kujikunja."

Akafungua kitenge. Kuanzia usawa wa masikio kushuka shingoni, nywele zilikuwa zimejikunja vizuri, nyeusi, kipilipili cha kawaida. Kuanzia masikio kuja kwenye paji la uso zilikuwa zimening'inia kama katani: zimenyooka ovyo, weusi umefifia, na kwenye ncha zina vidoa vyeupe vidogo. Nilishika kishungi kimoja nikakivuta polepole, nusu yake ikabaki vidoleni mwangu.

Mwalimu huyu aliacha dawa ya kulainisha nywele miaka mitatu nyuma. Alikata zote, akaanza upya, akazilea kwa mafuta ya nazi na mabutu mpaka ukizivuta zinagusa mabega. Nywele huota kama sentimita moja kwa mwezi, na zetu mara nyingi pungufu ya hapo, halafu nyingine zinakatika njiani. Kwa hiyo nilichokuwa nimeshika ni miaka mitatu ya mtu, na iliniuma kama vile kichwa ni changu.

Nimefanya kazi ya nywele kwa miaka 14 na nimeona vichwa vingi vilivyoungua kwa pasi ya kunyooshea nywele. Hiki nakiandika kwa kirefu kwa sababu kilikuja na ushahidi wake chenyewe. Siku moja, msusi mmoja, pasi moja, mafuta yale yale. Nusu ya kichwa imekufa, nusu imepona. Sisi wasusi hatupati nafasi ya namna hiyo. Mteja akiungua huwa ameungua kichwa kizima, kila mtu anasema lake na hakuna wa kumhakikishia mwenzake.

Nilichukua daftari nikamwomba anisimulie tangu alipokaa kwenye kiti, asiruke kitu, hata kile anachoona hakina maana.

Alikuwa amekwenda kwenye saluni nyingine Alhamisi, siku mbili kabla ya sendofu. Watu walijaa, nje mvua. Akaoshwa, akapakwa kondishena, ikasuuzwa hapo hapo. Nyuma akabanwa kwa vibanio, mbele ikapigwa blodraya haraka haraka, dakika kama kumi. Alipopeleka mkono akasikia ubichi kwa ndani, karibu na ngozi, akasema. Akajibiwa kwamba pasi itamalizia. Yakaja mafuta mazito ya kopo, mengi. Pasi ikawekwa mwisho kabisa, nyuzi joto 230 za Selsiasi.

Kishungi cha kwanza kililia. Hilo alilisimulia kwa mkono, akionyesha jinsi mafuta yanavyoruka kwenye kikaango chenye maji. Moshi ukapanda. Aliambiwa ni mafuta tu. Mlango ulikuwa wazi, hewa ya mvua inaingia, kwa hiyo kila kishungi kilichomalizika kilikaa kidogo kikaanza kunyanyuka kwenye mashina, na msusi akakirudia. Kioo kilikuwa mbele yake, na kishungi cha upande wa kulia wa uso alikihesabia: mara saba.

Walipofika masikioni umeme ukakatika.

Nyuma ilikuwa bado mbichi. Msusi akaisuka mabutu manne ya haraka ili isijisokote, na mwalimu akaenda kusubiri kwa shangazi yake mtaa wa pili. Umeme ulirudi saa kumi na mbili jioni, baada ya saa kama sita. Mabutu yalipofunguliwa nywele zilikuwa zimekauka kabisa na zimevutika. Wakaendelea na pasi ile ile kwenye 230 ile ile. Safari hii haikulia wala kutoa moshi. Ilipita mara moja, hapa na pale mara mbili, na kichwa chote cha nyuma kikaisha chini ya nusu saa.

Mama alikuwa ameshatoa hukumu kabla hajakaa. "Moto ulikuwa mkali." Kila mtu husema hivyo, na si uongo: 230 ni moto mkali, nisingeuweka kwenye kichwa cha mtu yeyote. Lakini moto huo huo ulipita nyuma na nyuma ziko salama. Ingekuwa ni ukali wa pasi peke yake, kichwa chote kingekuwa katani.

Mimi nilikuwa na hukumu yangu, nayo haikuwa sahihi. Nilidhani ni dawa. Wapo wanaotia dawa kidogo ndani ya kondishena ili kichwa kigumu kilale upesi, mteja asijue, na nywele zisizorudi baada ya maji ndiyo sura ya dawa. Ilibidi niitoe dhana hiyo kichwani kwa kuangalia, si kwa kubishana na mtu ambaye hayupo.

Nililowesha kichwa chote nikakigawa vipande. Dawa ikipakwa kwenye nywele hulainisha unywele wote inaougusa, na aghalabu huacha alama kwenye ngozi: muwasho, kidonda, ukoko. Ngozi ya mwalimu ilikuwa safi. Sentimita moja na nusu ya kwanza kutoka kwenye ngozi, mbele kule kule kulikoharibika, ilikuwa imejikunja vizuri. Hapo ndipo msusi huanzia pasi ili asimchome mtu. Kisha nikafungua kishungi kimoja unywele kwa unywele. Zilizokuwa nje ya kishungi, zinazogusa bamba la pasi, zilikuwa zimenyooka kabisa. Za katikati bado zilikuwa na mkunjo, umelegea lakini upo. Dawa haibagui hivyo. Kitu kilichozipiga kilikuwa kimezigusa kutoka nje, kwa mabamba mawili.

Nikachukua unywele mmoja wa nyuma, umelowa, nikauvuta kati ya vidole. Ulirefuka kama theluthi ya urefu wake, nilipoachia ukarudi. Unywele wenye afya hufanya hivyo. Wa mbele ulirefuka kama bablishi iliyotafunwa na ukabaki umerefuka. Mwingine ulikatika palepale penye kidoa cheupe. Jirani yangu ni fundi saa. Nilimtuma kijana kuazima lenzi yake ile ya jichoni. Kidoa kile, ukikikuza, ni uvimbe mdogo ambao nyuzi zake zimefumuka, kama fagio mbili zilizogonganishwa ncha kwa ncha. Nilimpa mama lenzi aangalie. Aliangalia muda mrefu, halafu akairudisha bila kusema kitu.

Sasa kwa nini maji yafanye hivi, wakati maji ndiyo rafiki wa nywele zetu?

Unywele ni protini inayoitwa keratini, na nje umeezekwa magamba madogo yanayolaliana kama makuti ya paa. Ndani, nyuzi za protini zimeshikana kwa vifungo. Viko vifungo vya salfa, ambavyo ni vigumu, na ndivyo ambavyo dawa huvivunja moja kwa moja. Viko pia vifungo vya haidrojeni, vyepesi na vingi mno. Unywele ukilowa, hivi vyepesi vinaachia. Unywele ukikauka, vinashikana tena kwa umbo lolote utakalokuwa umeukausha nalo. Ukiukausha ukiwa umekunjwa kwenye rola unakaa kama rola. Ukiukausha umevutwa unakaa umenyooka, mpaka maji mengine yaje: mvua, jasho, au hewa tu ya Dar es Salaam mwezi wa nne. Kunyoosha kwa joto, kukifanywa sawasawa, kunacheza na vifungo hivi vyepesi peke yake. Ndiyo maana nywele hurudi.

Ukavuka mpaka, joto linapika protini yenyewe. Ute wa yai ukishaganda kwenye kikaango haurudi kuwa ute. Unywele mkavu unavumilia mpaka kwenye nyuzi 200 na kitu kabla keratini yake haijaanza kuharibika umbo. Unywele uliojaa maji unaanza kuharibika mapema zaidi, kati ya nyuzi 120 na 150 hivi. Kwa hiyo pasi ambayo kwa unywele mkavu iko mpakani, kwa unywele mbichi imeshavuka mpaka zamani.

Na liko jambo la pili. Maji yaliyo ndani ya unywele yakikutana na bamba la nyuzi 230 hayana muda wa kutoka taratibu. Yanageuka mvuke humo humo, na mvuke unataka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya maji. Unatafuta njia: unatoboa mapovu ndani ya unywele na kubandua makuti kutoka chini. Ile sauti ambayo mwalimu aliisikia ilikuwa hiyo. Nywele zilikuwa zinapasuka, na mtu mzima kwenye kiti anaambiwa ni mafuta.

Ongeza sasa kurudia. Kishungi kibichi hakinyooki kwa mara moja kwa sababu vifungo haviwezi kushikana wakati maji bado yapo. Msusi anaona bado, anapita tena. Mara ya tatu au ya nne maji yameisha, lakini sasa unywele uliopasuka ndio unaopigwa pasi kavu, mpaka mara ya saba. Mashina yanaponyanyuka tena kwa hewa ya mlangoni, hilo halitibiwi kwa pasi hata ungepita mara ishirini.

Nasema haya bila kumdharau yule msusi mwenzangu. Najua kilichomsukuma. Wateja wamekaa kwenye benchi, umeme hauaminiki, na kukausha kichwa cha kipilipili mpaka kiini ni muda ambao mteja haoni kama ni kazi. Pasi inaonekana, kila mtu anaitazama, kwa hiyo mikono yote inakimbilia huko.

Tulikuwa na siku tano. Nilimwambia mwalimu zilizokufa hazifufuki, unywele uliotoka nje ya ngozi hauna uhai wa kujitibu, njia ni mkasi. Akasema, "Dada, nikate Jumatatu niolewe Jumamosi?" Nilimwelewa, nikakosea: badala ya kushika msimamo angalau kwa zile za pembeni, nilimpaka matibabu ya protini Jumatatu ile, na Jumatano nikarudia. Mara ya kwanza zilishika kidogo. Mara ya pili zilikuwa ngumu kama nyasi kavu, na alipochana usiku kitana kilijaa. Protini kidogo husaidia unywele uliolegea, lakini kumpaka mara mbili ndani ya siku tatu ilikuwa haraka yangu, na haraka hiyo ilimpotezea nywele ambazo pengine zingefika mwezi wa sita.

Jumatano hiyo hiyo rafiki yake alimletea habari ya matibabu ya keratini yanayonyoosha kichwa chote, mbele ifanane na nyuma. Nilikataa kuyafanya. Baadhi ya bidhaa hizo zikipigwa pasi hutoa gesi ya fomaldehidi, kitu kilicho ndani ya fomalini inayohifadhia maiti, na Shirika la Afya Duniani kupitia wakala wake wa saratani limeiweka kwenye orodha ya vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Bibi harusi aivute, mimi niivute kila siku, kwa ajili ya kuficha nywele zilizoungua kwa kuziunguza tena? Hapana.

Aliyetuokoa ni mama. Alhamisi jioni, wakati nawaza jinsi ya kulaza zile za nyuma bila joto, aliniuliza kama nina uzi. Uzi mweusi wa nywele, ule wa kusukia. Ninao, lakini naona aibu kusema ulikuwa chini kabisa ya droo. Akavuta kiti, akamkalisha binti yake chini kati ya magoti kama mtoto. Aligawa kipande, akazungusha uzi mara tatu shinani kwa kubana, halafu akateremka kwa mizunguko iliyoachana nafasi ndogo, mkono wa kushoto unavuta nywele, wa kulia unazungusha, mpaka kwenye ncha. Hakuwa anaangalia. Alikuwa anamsimulia jinsi walivyokuwa wakisukwa uzi Tanga kabla ya Idi ili nywele zilale, na jinsi wakubwa zao walivyochoma kitana kwenye jiko la mkaa, wakakijaribu kwenye kipande cha gazeti kwanza: gazeti likigeuka rangi ya chai, kitana kinasubiri kipoe.

Hapo akafungua ushungi wake akanionyesha utosi. Nywele zilikuwa zimepungua katikati, ngozi inang'aa. Akasema ni malipo ya kile kitana. Sikukubaliana naye, nikamweleza sababu. Mwaka 1968 madaktari wa ngozi wa Marekani waliuelezea upara wa namna hiyo, unaoanzia utosini na kusambaa, wakaupa jina la kitana cha moto. Baadaye ikaonekana kwamba hata wanawake wasiowahi kukigusa wanaupata, jina likabadilishwa. Chanzo kimoja hakijulikani mpaka leo, ila ngozi ile ikishafanya kovu haioteshi tena, kwa hiyo anayeanza kuona dalili asikae nyumbani akijilaumu, awahi kliniki ya ngozi. Baada ya harusi alikwenda.

Ijumaa asubuhi uzi ulifunguliwa. Nywele za nyuma zilikuwa zimenyooka kiasi kwamba nilizibana juu kwa mafundo, bila pasi wala blodraya. Za mbele tulizilaza kwa jeli laini na kuzifunika kwa ua la pembeni. Kwenye picha huwezi kujua. Mwalimu alijua.

Mwezi wa sita alikuja peke yake akasema nikate. Mbele nikaziacha sentimita tano. Tukakubaliana hakuna joto lolote mpaka tutakapokaa tena kuzungumza, nazi usiku kabla ya kuosha, kwa kuwa mafuta ya nazi huingia ndani ya unywele na kupunguza protini inayotoka wakati wa kuosha, na mitindo ya kusuka isiyovuta pembeni. Miezi ikapita na twende kilioni na mabutu.

Mwezi wa pili mwaka uliofuata mdogo wake wa kiume alikuwa anaoa, na mwalimu akaniambia anataka kunyoosha. Wengi wangemkatalia. Mimi nilifurahi, kwa sababu sikutaka abaki na imani kwamba kichwa chake hakiwezi kuguswa na joto maisha yake yote. Mbele zilikuwa zimefika sentimita 11 au 12 zikivutwa.

Kabla yake niliipima pasi yangu. Fundi umeme wa mtaani ana mita yenye waya wa kupimia joto. Tuliubana waya ule katikati ya mabamba na kitambaa kidogo cha pamba, tukasubiri namba itulie. Pasi ilisema 180, mita ikasoma 196. Nilikuwa nimeitumia pasi ile miaka miwili nikiamini maandishi yake. Tangu siku hiyo naiweka 165 ili nipate 180 ya kweli. Asiye na mita atumie karatasi nyeupe ya tishu kama wale wa Tanga na gazeti lao: ikibadilika rangi, pasi hiyo haigusi kichwa.

Ijumaa jioni nilimwosha kwa shampuu ya kuondoa mabaki, maana mafuta ya siku nyingi yakibaki juu ya unywele pasi inayakaanga na nywele zinakuwa nzito. Kondishena dakika 30 chini ya stimu, kusuuza, kisha kondishena nyingine isiyosuuzwa, kidogo sana. Halafu nikampisha mama. Alisuka vipande kumi na sita vya uzi, akamfunga kitambaa cha satini, wakaenda kulala.

Jumamosi asubuhi nilifungua uzi mmoja mmoja. Sasa hapa ndipo penye kazi yenyewe. Mkono unadanganya, hasa mkono wa msusi uliozoea maji na joto. Unywele wenye maji ndani, hata ukionekana umekauka, huwa wa baridi kwa sababu maji yanaendelea kutoka. Kwa hiyo mimi hushika kishungi nikakibandika ndani ya kifundo cha mkono, penye mshipa, au chini ya mdomo. Vipande vitatu vya kisogoni vilikuwa na ubaridi. Nikamweka chini ya draya ya kukalia dakika 20, nikamwacha apoe dakika kumi, nikapima tena. Nywele za moto huwezi kuzipima, ni lazima zipoe kwanza. Ndipo nikapita na blodraya kwa joto la kati, mdomo wake ukielekea chini kutoka shinani kwenda kwenye ncha ili makuti yalale, na kwa kuwa uzi ulikuwa umeshavuta, kila kipande kilitaka dakika moja tu au mbili.

Seramu ya kukinga joto nilipaka kiasi cha punje ya dengu kwa kipande, nikaisambaza kwa kitana mpaka isionekane. Kinga hiyo ni kama kitambaa cha kushikia sufuria. Inachelewesha joto kuingia, haiondoi joto, na ukikaa na sufuria mkononi utaungua tu. Ukiipaka nyingi unarudisha ubichi ule ule uliotoka kuuondoa. Mafuta ya kopo sikuyagusa.

Kisha pasi. Kishungi chembamba, unapokivuta uone meno ya kitana upande wa pili. Kitana kinatangulia shinani, pasi inakifuata nyuma yake bila kusimama, nikihesabu moja mpaka nane polepole hadi kwenye ncha, na karibu na ncha nalegeza mkono kwa sababu ndizo kongwe kuliko zote. Mara moja. Haikulia, haikutoa moshi. Mama alikuwa amekaa nyuma yangu, na kila kishungi kilipopita alikuwa anatega sikio. Nilimwona kwenye kioo.

Ilichukua saa tatu na nusu ukiacha kazi ya uzi. Nilitoza zaidi na nilimwambia kabla. Naona ni haki kuwaambia wateja wazi kwamba wanacholipia ni ukaushaji, kuliko kuwaacha waamini wananunua dakika arobaini za pasi halafu tuwafidie kwa moto.

Nilimkataza kitu kimoja: jasho likinyanyua mashina, asirudie pasi nyumbani. Afunge satini usiku, na mashina yakijikunja ayabane nyuma. Alikaa nazo siku tisa.

Siku ya kuosha alikuja na mama. Nilimwegemeza kwenye sinki nikafungua maji ya vuguvugu, na nadhani sote watatu tuliacha kupumua. Za nyuma zilijikunja mara moja. Za mbele zilichelewa kidogo, zikalala kwenye maji, halafu kuanzia shinani zikaanza kujisokota, moja, mbili, zote, mpaka zikawa fupi mkononi mwangu. Mama akasema alhamdulillahi. Mwalimu alipeleka vidole kwenye paji la uso akavirudisha, akavipeleka tena.

Nilipitia kichwa kipande kwa kipande nikivuta unywele mmoja mmoja. Zote zilirefuka zikarudi, isipokuwa vinywele kama kumi na viwili mbele ya sikio la kulia, vimebaki vimenyooka. Nilipakumbuka mahali hapo. Jumamosi ile nilikuwa nimegeuza feni isipeperushe vishungi, joto likapanda, na jasho likamtiririka pembeni ya sikio nilipokuwa namalizia. Nilifuta kwa taulo, nikaona kishungi hakijalala, nikapita mara tatu. Sikukipima kwenye kifundo cha mkono.

Nikamwonyesha kwenye kioo, nikamweleza nilichofanya, nikachukua mkasi nikavikata.